Mlezi wa Zamu ya Asubuhi

Lifti ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, wakati ule wa jioni ambao jengo zima hutaka kuteremka kwa pamoja. Ndani mlikuwa na watu wengi kuliko ilivyopasa, wamebanana bega kwa bega, kila mmoja akitazama juu kana kwamba msaada ungeshuka kutoka kwenye taa. Aliyehangaika kuliko wote alikuwa fundi wa duka la miwani, mwanamume wa wastani mwenye shati la buluu lililopigwa pasi vizuri na kiboksi cha fremu kwapani. Alikuwa amepanda kumpelekea mhasibu mmoja miwani yake mipya. Sasa alikuwa akitazama saa mara kwa mara mpaka mama aliyesimama kando yake akamwuliza kama anawapimia mapigo ya moyo.

Ndipo sauti ya mwanamke ikasikika kwa nje, tulivu, kama mtu anayezungumza huku ana kazi mkononi.

"Jamani, msiguse mlango. Nipo, nawatoa."

Mmoja wao akauliza kama fundi mwenyewe ameshaitwa.

"Ndiye mimi," sauti ikajibu.

Ndani wakatazamana. Fundi miwani akasogea kwenye ufa wa mlango. "Samahani, fundi. Sitaki kukuharakisha, ila nina mtoto kituo cha kulelea watoto, na wakifunga geti wananitoza faini."

Mlio wa spana ukakoma. "Kituo kipi?"

"Kile cha nyuma ya soko la nguo. Chenye ukuta wa rangi ya chungwa."

"Basi tulia, baba," sauti ikasema. "Na wangu yuko hukohuko. Tukitozwa, tutatozwa pamoja."

Mlango ulipofunguka, alimwona. Mwanamke mrefu, ovaroli imekazwa kiunoni kwa mkanda wa vifaa, kilemba cha manjano kichwani, hereni ndogo masikioni na alama ya grisi shavuni. Alimnyoshea mkono, akamvuta juu kama anayevuta ndoo kisimani. Mkono ule ulikuwa mkavu, wenye nguvu na joto, na fundi miwani alisahau kuuachia.

"Naomba unirudishie," mwanamke akasema. "Nina kazi nao."

Walikwenda kituoni wakikimbiakimbia, wakisukumana na watu, na walipofika walikuta geti bado wazi. Lakini mwenye kituo alikuwa amesimama pale mlangoni, shali mabegani, akizungumza na kundi la wazazi. Ada ingepanda kuanzia mwezi ujao. Alieleza sababu zake bila kuficha: mwenye nyumba amepandisha kodi, chakula kimepanda, na walezi wake nao wana watoto wao na wanataka mshahara wa kuwawezesha kuishi. Wazazi walimsikiliza, wakakosa pa kumshika. Angekuwa mwizi wangemtukana wakapoa. Lakini mwanamke yule alikuwa akisema kweli tupu, na kweli yake ilikuwa inakula nusu ya mishahara yao.

Waliondoka pamoja, kila mmoja na wake. Binti wa fundi miwani aliitwa Kasuku na kila aliyemfahamu, kwa sababu ulimi wake haukujua kulala. Mtoto wa fundi wa lifti aliitwa Mzee. Hakuwa na miaka minne bado, lakini alitembea mikono mgongoni, akikagua mitaro na magari yaliyoegeshwa kama mtu aliyetumwa na manispaa. Kasuku alizungumza mpaka njia panda, na Mzee akamsikiliza kwa kutikisa kichwa.

Wakubwa wao nao wakazungumza. Fundi miwani alieleza kwamba mama wa Kasuku alifariki mtoto akiwa bado ananyonya, na kwamba tangu hapo amejifunza kusuka nywele, japo si vizuri. Fundi wa lifti akatazama zile nywele zilizochomoza pande zote kichwani kwa Kasuku, akakubali kwamba si vizuri. Yake aliyaeleza kwa kifupi. Baba wa Mzee alihamia mji mwingine kikazi, na mapenzi yakahama naye. Hakuna kilichorudi, si yeye wala matumizi.

Walipotaka kuagana, mwanamke akasimama. "Una sebule?"

"Sebule?"

"Nauliza kama una sebule. Mimi chumba changu, ukishaingiza kitanda, ukitaka kugeuka utoke nje kwanza."

Fundi miwani akasema anayo, na kubwa, ila haina vitu. Mwanamke akasema hiyo ndiyo nzuri zaidi. Akamweleza alilokuwa akiliwaza tangu getini: mlezi mmoja, watoto wawili, sebule moja, gharama nusu kwa nusu. Alilisema jambo hilo kama anavyosema fundi aliyekwisha kuona tatizo liko wapi. Yule bwana alikubali kabla mwenzake hajamaliza. Baadaye alijiuliza ni hesabu iliyomshawishi au ni ile grisi ya shavuni.

Wakampata mlezi, mama wa makamo aliyewahi kufanya kazi kituo kilekile. Naye alikuwa na masharti. Mshahara ulipwe kwa wakati, Jumapili iwe yake, na asiombwe kufua nguo za watu wazima. Fundi wa lifti akasema hayo si masharti, hiyo ni haki yake, na mlezi akacheka, akavua viatu, akaingia sebuleni. Mambo yakaanza hivyo.

Asubuhi fundi wa lifti alimleta Mzee, jioni akaja kumchukua. Mwanzoni alisimama mlangoni. Baadaye akawa anaingia kuketi, kwa kuwa Mzee alikuwa hajamaliza ukaguzi wake chini ya meza. Baadaye tena akawa anapewa chai bila kuulizwa. Alimsuka Kasuku vizuri, mtoto akiwa amekaa kati ya magoti yake akizungumza mfululizo, na fundi miwani akiketi mkabala akijifanya anajifunza. Hakujifunza kitu. Alikuwa akiitazama mikono ile.

Kisha zikaanza simu za mchana. Fundi miwani alipiga akisema anaulizia watoto.

"Watoto wako kwako, mpenzi," fundi wa lifti akamjibu siku moja. "Mimi niko kwenye shimo la lifti."

Neno lile lilikuwa limemponyoka. Wote wawili walilisikia, na hakuna aliyelirudisha. Kwa muda simu ilibaki wazi, upande mmoja mashine ya kusaga lenzi ikinguruma, upande wa pili kebo zikilia.

"Basi nilikuwa naulizia mama wa mtoto," hatimaye fundi miwani akasema.

"Yupo. Ana njaa."

Jumamosi moja fundi miwani akamwita dukani ampime macho, maana alikwisha kugundua kwamba hukunja uso anapotazama skrubu ndogo. Alikuja na gauni la kijani lenye madoa meupe, viatu vya wazi na midomo yenye rangi kidogo, na wahudumu wa duka wakapishana pale bila sababu. Alimkalisha, akamzimia taa, akambadilishia lenzi moja baada ya nyingine, akiuliza kwa sauti ya kazi ipi ni bora, hii au ile. Nyuso zao zilikuwa karibu kiasi kwamba mwanamke aliisikia pumzi yake. Miwani ilipokuwa tayari, akaivaa, akamtazama kwa makini.

"Sasa nakuona."

"Na?"

"Nilidhani u mzuri zaidi ya hivi."

Fundi miwani alicheka mpaka akavua miwani yake mwenyewe kufuta machozi. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu. Jioni ile, watoto wakiwa wamelala kwenye mkeka mmoja, walishikana mikono, na safari hii hakuna aliyeomba arudishiwe wake.

Miezi ilikwenda hivyo, na pengine ingeendelea kwenda. Ila mlezi naye alikuwa na binti yake, na binti yule akajifungua. Alikuja akawaeleza huku akilia, kwa kuwa alikuwa amewazoea. Amelea watoto wa watu maisha yake yote, akasema, sasa ni zamu ya damu yake; asipomshika mjukuu, binti yake ataacha kazi. Wangemjibu nini? Shida yake ilikuwa ni shida yao, imevaa nguo nyingine. Walimpa ahsante na zawadi, wakamsindikiza mpaka barabarani.

Wiki zilizofuata zilikuwa za kuombaomba. Walezi waliokuja, mmoja alitaka mshahara wasiouweza, mwingine alikaa siku mbili akazima simu. Kituo cha ukuta wa chungwa kilikuwa kimejaa, na ada yake imepanda tena. Wakapokezana kuomba ruhusa kazini, ruhusa zikaisha. Mambo haya yalimkuta fundi wa lifti pabaya. Mkuu wake alikuwa amemwita ofisini kumwambia kwamba kampuni imepata majengo mapya, na kwamba angependa yeye awe msimamizi wa mafundi wa huko. Alimpa muda wa kufikiri. Ila alimwambia pia, kwa upole, kwamba msimamizi hachelewi.

Siku moja, kwa kukosa pa kumwacha, akaenda na Mzee kazini. Akamketisha kwenye kiti cha mlinzi, akamkataza kuinuka. Mzee alitii mpaka alipoona mlango wa lifti umeachwa wazi na mbele yake utepe mwekundu. Utepe ule ulihitaji kukaguliwa. Mfagizi wa jengo alimdaka kwa ukosi wa shati, mguu mmoja ukiwa umekwisha kuvuka utepe, na mbele yake hapakuwa na sakafu.

Fundi wa lifti alimchukua mwanawe, akamkumbatia. Kutwa nzima iliyobaki hakumwachia mkono.

Jioni ile fundi miwani akapiga simu. Alikuwa ameshasikia habari, na zilimtisha.

"Laazizi, nimefikiri mchana kutwa."

"Hata mimi. Sema."

"Tuoane."

Mwanamke aliketi kitandani polepole. Mzee alikuwa amelala, kidole mdomoni. Moyo wake ulipanda, na kwa muda mfupi uchovu wote wa wiki zile ukamtoka mwilini. Ulimi wa fundi miwani ungekomea hapo, hadithi hii ingekuwa fupi.

"Unajua," akaendelea, "mshahara wako, ukitoa nauli na ukitoa mlezi, kinachobaki hakijai kiganja. Ukikaa nyumbani na watoto mpaka waanze shule, hatutahitaji kutafuta mtu. Mimi nitabeba mengine yote. Hutachafuka na grisi tena."

Mwanamke alimfunika Mzee shuka.

"Nikuulize," mwanamke akasema. "Tungempata mlezi jana, leo ungenipigia simu hii?"

Fundi miwani alikuwa mtu mkweli. Swali lile alilipokea kwa uzito, akalifikiria, na kule kulifikiria kukamponza.

"Nimeshasikia," mwanamke akasema.

"Sijajibu bado, mpenzi."

"Umejibu. Kumbe ulikuwa unatafuta yaya wa bure. Mwenzio nilikuwa natafuta mtu."

"Sivyo hata kidogo. Nataka kukupunguzia mzigo."

"Kazi hii niliisomea nikichekwa. Nikaifanya mpaka wakaacha kucheka. Umeipigia hesabu yote, ila hukuniuliza kama naipenda." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, pengine angepata pa kujitetea. "Usiku mwema. Mbusu Kasuku."

Kuanzia kesho yake Mzee hakuletwa tena. Fundi miwani alipiga simu, zikapokelewa kwa adabu na kukatwa kwa adabu. Kasuku alikaa dirishani asubuhi, halafu akaacha kukaa dirishani, halafu akaacha kuzungumza. Baba yake alikuwa ameomba mara nyingi nyumba ile itulie. Ilipotulia, aliiogopa.

Dada yake mkubwa alikuja kumsaidia na mtoto kwa siku chache. Fundi miwani alimweleza yote, akitaka kuhurumiwa, na dada akamhurumia kweli.

"Hukukosea, mdogo wangu," akasema huku akimenya viazi. "Mke ndiye mlezi bora. Haombi nyongeza, haombi likizo, na hana pa kwenda."

Alilisema kwa nia njema. Fundi miwani alikaa na maneno yale. Yalikuwa ni yake mwenyewe, ila yamevuliwa sukari, na hakuweza kuyameza. Alitaka kumbishia dada yake, akaona hana hoja ambayo hakuwa ameivunja kwa mdomo wake.

Dada alipoondoka, Kasuku akapata surua, na fundi miwani akalazimika kukaa nyumbani mpaka apone. Kwa mara ya kwanza aliijua siku ya mtoto kuanzia asubuhi mpaka jioni, saa kwa saa: uji unaomwagika, homa ya mchana, nepi za usiku zilizorudi kwa sababu ya ugonjwa, hadithi moja inayotakiwa kurudiwa bila kubadilishwa neno. Jioni alikuwa hoi kuliko siku yoyote aliyosimama dukani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia kazi nzuri. Alimpenda mwanawe kuliko roho yake, na bado, alipokuwa akiosha vikombe, alijikuta akiitamani sauti ya mashine yake ya kusaga lenzi. Hapo ndipo alipoelewa alichokuwa amemwomba mwenzake akiache, na kwa muda gani, na kwa moyo mwepesi kiasi gani.

Ng'ambo ya njia panda, fundi wa lifti alikuwa amempata jirani aliyekubali kukaa na Mzee kwa pesa kidogo. Rahisi ina gharama zake. Jirani alikusanya watoto wengi chumba kimoja mbele ya televisheni, na Mzee alirudi jioni na nguo zilizokaukia mkojo, macho mekundu, mikono haiko mgongoni tena. Inaning'inia tu. Mama yake alianza kufikiri kwamba pengine yule bwana alikuwa na haki. Pengine mshahara wenyewe haufai kupiganiwa. Alipanda kwenye chumba cha mota, juu kabisa ya jengo, akalia pale ambapo kelele za mashine humfunika mtu, kisha akajifuta kwa mkono wa ovaroli. Alikuwa ameamua kumwambia mkuu wake kwamba ile nafasi hataichukua.

Hakujua kwamba wakati huohuo fundi miwani alikuwa amesimama mbele ya mwenye duka. Alimwomba mashine ya zamani ya kusaga, ile iliyowekwa stoo, aifunge nyumbani kwenye chumba kidogo chenye kufuli. Alitaka asubuhi akae na watoto, wakilala asage lenzi, na mchana aje dukani. Mwenye duka alishangaa. Akina mama wengi walishamwomba mambo ya namna hiyo, akasema, na aliwakatalia. Mwanamume ni wa kwanza, naye akamkubalia. Akamtahadharisha kwamba malipo yatapungua na kwamba ukuu wa duka, aliokuwa akiahidiwa tangu mwaka uliopita, utakwenda kwa mwingine. Fundi miwani akasema huyo aende nao. Aliporudi njiani aliona jambo moja lililomtia aibu: yeye alipewa walichowahi kunyimwa akina mama.

Jumamosi adhuhuri alimngoja fundi wa lifti nje ya jengo. Alitoka na wenzake wakicheka jambo, miwani puani, na alipomwona, kicheko kikamwishia. Wenzake wakasogea mbele.

"Sikuja kukuomba msamaha peke yake," fundi miwani akasema. "Msamaha naomba, lakini haumtazami mtoto. Mlete Mzee kwangu. Asubuhi nitakuwa nao mimi. Nimeshapanga kazini. Mchana tutafute mlezi wa nusu siku, tumlipe inavyostahili, nusu kwa nusu kama zamani."

Mwanamke alimtazama kwa muda. "Na dukani?"

Akamweleza. Hakukipamba alichopoteza, wala hakukificha.

"Na kwangu unataka nini, kwa haya yote?"

"Chukua ile nafasi yako. Hata usiponitaka, chukua. Mtoto na mapenzi nimevitenganisha."

Gari zilipita. Fundi wa lifti alivua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. Alitaka kukasirika zaidi, kwa sababu hasira ilikuwa imemshikilia asianguke wiki zote zile, lakini alipoitafuta aliikuta imepungua.

"Mtoto nitamleta," akasema. "Mimi mwenyewe bado."

"Mlete mtoto."

Jumatatu Mzee alipoingia sebuleni, Kasuku alimwendea, akamshika masikio yote mawili kuhakikisha ni yeye, kisha akaanza kumweleza yote yaliyotokea tangu walipoachana, pamoja na yasiyotokea. Wakubwa waliachana mlangoni kila mmoja akitazama upande wake.

Ikawa ndiyo zamu. Asubuhi ni ya fundi miwani. Mchana alikuja mlezi kijana, aliyekuwa akisoma ualimu jioni, na masaa yale yalimfaa kulipia ada yake. Fundi wa lifti akawa msimamizi, akabadili ovaroli ya buluu kwa ya kijivu, akabeba simu mbili. Pesa hazikuwatosha, na walilijua hilo. Fundi miwani aliuza pikipiki yake mbovu, nguo mpya zikasubiri, na mwezi ambao jino la Mzee lilihitaji daktari walikula viazi mpaka Kasuku akauliza kama duniani kumebaki viazi tu. Lakini hakuna aliyekaa na wasiwasi kwamba mtoto yuko wapi, na jambo hilo, kwa mtu aliyewahi kulikosa, ni utajiri.

Siku moja kazi iliisha mapema, msimamizi akapita kumchukua mwanawe kabla ya saa sita. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akamwona fundi miwani amepiga magoti kwenye beseni, suruali imekunjwa, akimwosha Mzee miguu iliyojaa matope. Mzee alikuwa akimweleza kwa umakini tatizo la mfereji wa nyuma ya nyumba, na yule bwana alikuwa akimwuliza maswali ya maana, kama anavyomwuliza mtu mzima. Hakuna kati yao aliyejua kwamba anatazamwa. Mwanamke alirudi hatua chache barabarani, akangoja mpaka Mzee alipomaliza habari ya mfereji, kisha ndipo akabisha hodi.

Siku ile alimchukua mwanawe, akaenda zake. Ila simu za mchana zilirudi. Sasa ni yeye aliyepiga, akiulizia watoto. Angeulizia watoto, halafu angeulizia mfereji, halafu angebaki kwenye simu bila la kuuliza. Fundi miwani hakumharakisha. Neno la ndoa alilokwisha kulitia doa hakulitamka tena, na wakati mwingine mwanamke alitamani alitamke, akakasirika kwamba hakulitamka.

Mwaka uligeuka. Watoto wakafikia umri, wakaandikishwa shule ya serikali ya mtaa wao, ile isiyodai ada. Siku ya kwanza waliwapeleka wote wawili. Fundi wa lifti alikuwa ameomba ruhusa ya asubuhi; alivaa sketi ya hudhurungi na blauzi nyeupe, nywele zimesukwa upya, manukato kidogo shingoni. Kasuku aliingia getini akizungumza na mwalimu kana kwamba ndiye aliyemwajiri. Mzee aligeuka mara moja, akawatazama, akaweka mikono mgongoni, akaenda zake kukagua shule.

Geti likafungwa. Wazazi wengine wakatawanyika. Wao wakabaki.

Fundi miwani alikuwa ameiogopa asubuhi hii kwa muda mrefu. Kesho hakutakuwa na mtoto wa kuletwa mlangoni kwake. Akajikaza.

"Basi," akasema. "Nadhani zamu yangu imekwisha."

"Imekwisha," mwanamke akasema. "Kuanzia leo sina shida na wewe."

"Najua."

"Hujui. Nisikilize." Alimshika mkono wa shati, akamgeuza amtazame. "Siku ile ulipotaka tuoane, nilikuwa na shida na wewe mpaka kooni. Ningekubali, nisingejua milele kama nimependa au nimechoka. Leo mwanangu yuko darasani. Kazi ninayo, kodi nimelipa. Asubuhi hii hakuna ninachokikosa. Halafu nimeamka, nimejipamba, nimekuja kusimama na wewe. Unadhani ni kwa sababu ya shule?"

Fundi miwani alisogea karibu. Alikuwa na mengi ya kusema, na mara hii hakuyasema.

"Nataka tuoane," mwanamke akasema. "Ningesema nataka nikuoe, ila najua watu watacheka."

"Waache wacheke," akajibu. "Nioe."

Alicheka yeye kwanza, mkono mdomoni, na machozi yakafuata kwenye lenzi. Mlinzi wa shule akawauliza kama mtoto wao amekataa kubaki. Wakamwambia hapana, watoto wamebaki vizuri sana.

Walitembea mpaka njia panda, mkono kwa mkono, wakizungumza mambo madogo: nani amwambie dada mkubwa, kitanda kipi kiuzwe, chumba cha watoto kipakwe rangi gani. Kila mmoja alikuwa anangojwa kazini. Walikwisha kuachana, kila mmoja na barabara yake, mwanamke alipoita kutoka ng'ambo.

"Mchana nani anawachukua?"

"Mimi," fundi miwani akasema.

"Hapana, mimi."

Hawakukubaliana. Kengele ya shule ilipolia mchana ule, walikuwa getini wote wawili.